SOMO LA FAMILIA: TUMFUNGIE PANYA MLANGO

Somo la mwezi huu ni la kujifunza nyumbani na katika vikundi vya sala vya mitaa. Linawahusu baba, mama, vijana na hata watoto wanaotumwa kufagia. Tunasema juu ya panya.

Labda mmoja atauliza: panya anahusu nini kanisa? Anahusu, kwa sababu anakula chakula cha mtoto, anaharibu mbegu ya mwaka ujao, analeta ugonjwa, na katika kumfukuza watu wengine wameleta kifo ndani ya nyumba yao wenyewe. Tena anagombanisha majirani. Mambo haya yote ni ya kanisa.

Masomo ya kusoma pamoja: 1 Samweli 5 na 6, Kumbukumbu la Torati 22:8.

Shabaha ya somo: Kila familia ielewe kwamba panya hakai pale asipolishwa. Kazi ya kwanza ni kufunga chakula na njia, mtego unafuata, sumu ya sokoni isiingie nyumbani.

1. PANYA KATIKA BIBLIA NA KATIKA NCHI YETU

Katika 1 Samweli tunasoma jinsi Wafilisti walivyoliteka Sanduku la Agano, kisha wakapigwa kwa ugonjwa wa majipu. Walipotaka kulirudisha, waganga wao waliwashauri wapeleke pamoja nalo sanamu tano za majipu na sanamu tano za panya, zote za dhahabu, kwa hesabu ya wakuu watano wa miji yao: Ashdodi, Gaza, Ashkeloni, Gathi na Ekroni. Wafilisti hawakumjua Mungu wa Israeli, lakini macho yao yaliona kitu: uvimbe kwa watu na panya katika nchi vilikuja pamoja. Wasomaji wengi wa Biblia wamefikiri kwamba ugonjwa ule ulikuwa tauni.

Sisi tunaoishi hapa Kyangwali, wengi tulivuka Ziwa Albert kutoka Ituri mwaka 2017 na 2018. Hatuhitaji kufundishwa neno “peste”. Wazee wetu wa Djugu na Mahagi wanalijua, na ndugu zetu wa West Nile, upande huu wa Uganda, nao wanalijua. Jambo ambalo watu hawakulijua kwa karne nyingi ni namna ugonjwa unavyotembea. Mwaka 1894, daktari Alexandre Yersin aliona kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Mwaka 1898, daktari Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayekitoa kwa panya na kumpelekea mtu. Hivyo katika nyumba yenye panya kuna maadui wawili: panya tunayemwona, na kiroboto aliye katika manyoya yake. Tutarudi kwa kiroboto huyu, maana ndiye anayebadili namna ya kufanya kazi.

2. PANYA ANATAFUTA NINI KWETU?

Panya anatafuta mambo matatu tu: chakula, pa kulala, na njia ya kupita. Akiyapata matatu hayo atakaa na kuzaa. Akikosa moja, atateseka. Akikosa mawili, atahama.

Mimba ya panya ni kama wiki tatu tu. Kwa mara moja panya wa nyumba anaweza kuzaa watoto watano hadi wanane, na panya wa shamba anapita hapo, mara nyingi hufika kumi na zaidi. Watoto hao nao baada ya miezi michache wanakuwa wazazi. Ndiyo sababu mtu anaua panya sita wiki hii, anafurahi, na baada ya mwezi mmoja anaona wako vilevile. Aliua panya, lakini meza ya panya aliiacha imetandikwa. Wengine wakaja kuketi.

Tufanye hesabu. Panya mmoja mkubwa wa nyumba anakula kiasi cha gramu 20 za nafaka kwa siku. Kwa mwezi ni gramu 600. Panya kumi, ambao si wengi kwa nyumba ya udongo yenye jiko na banda la kuku, watakula kilo 6 kwa mwezi. Tena hiyo ni hesabu ya kinachoingia tumboni tu. Kinachotobolewa, kinachomwagika na kinachokojolewa hatujakihesabu.

Sasa kumbukeni mgao. Mwaka 2020 mgao wa wakimbizi Uganda ulipunguzwa. Mwaka 2021 ukapunguzwa tena, na mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi, wengine wakabaki na kidogo sana na wengine bila kitu. Kilo 6 zinazokwenda kwa panya ni chakula ambacho mama alikipanga kwenye mstari, au alikilima kwa jembe lake, au alikinunua kwa fedha za vibarua. Hakuna mgeni mwingine anayekula hivyo nyumbani mwetu bila kukaribishwa.

3. MAGONJWA AMBAYO PANYA ANALETA

(a) Tauni. Mtu anashikwa na homa kali ghafula, baridi, kichwa na mwili kuuma, kisha uvimbe wenye maumivu makali katika kinena, kwapa au shingo. Mara nyingi ugonjwa unaonekana ndani ya siku saba baada ya kuumwa na kiroboto. Ikiingia katika mapafu, mgonjwa anakohoa, pengine damu, na anaweza kuwaambukiza walio karibu naye kwa njia ya hewa. Tauni ya mapafu isiyotibiwa karibu kila mara inaua. Lakini dawa ipo. Mgonjwa akifika kituo cha afya mapema na kupewa antibiotiki, anapona. Kinachoua wengi ni kuchelewa.

(b) Homa ya mkojo wa panya. Kwa Kiswahili cha Tanzania inaitwa homa ya mgunda. Wataalamu wanaiita leptospirosisi. Mwaka 2022 ilitokea katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, ikaua watu watatu. Kijidudu chake kinakaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, kinaingia katika maji na tope, kisha kinampata mtu kupitia kidonda, macho au mdomo. Homa, kichwa, maumivu ya misuli hasa ya miguu, macho mekundu. Wengine wanageuka macho kuwa ya njano. Watu wengi wanadhani ni malaria. Ukiwa umepimwa malaria na hakuna, na nyumbani kuna panya wengi, mwambie mganga jambo hilo.

(c) Kuharisha. Panya anatoka chooni, anapita jalalani, anaingia jikoni bila kunawa miguu. Anatembea juu ya sahani, juu ya unga, juu ya kifuniko cha jerikani la maji.

(d) Kuumwa. Panya anauma vidole na midomo ya watoto wanaolala na mabaki ya uji au maziwa usoni. Mama, mnawishe mtoto uso na mikono kabla ya kulala, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka. Chandarua kinazuia mbu, na panya pia kinamsumbua. Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya.

4. KAZI YA KWANZA: KUFUNGA

Hapa ndipo penye nguvu ya somo lote. Mtu asiende kutafuta mtego kabla hajafanya haya.

Chakula. Gunia peke yake si ulinzi. Panya analitoboa usiku mmoja. Hata ile mifuko ya nailoni inayofungwa hewa isiingie inasaidia sana kuua wadudu wa mahindi, lakini panya anaitoboa, na ikitobolewa haifanyi kazi tena. Kitu bora ni chombo cha chuma chenye kifuniko: debe, pipa, au kopo kubwa la mafuta. Asiye nacho atumie jerikani au ndoo ngumu yenye kifuniko cha kubana, isiyo na ukingo wa kushika meno, na aikague kila wiki. Wali au ugali uliobaki usiachwe ndani ya sufuria wazi “kwa ajili ya asubuhi”. Ufunikwe na jiwe liwekwe juu. Vyombo vioshwe jioni, visilale vichafu.

Kuku, bata na mbuzi. Pumba zinazobaki bandani usiku ndizo chakula kikubwa cha panya, na wengi tunasahau. Wapeni kuku chakula cha kutosha kumalizika kabla ya giza, kisha ondoeni sahani.

Takataka. Zichimbiwe shimo mbali na nyumba na zifunikwe kwa udongo. Maganda ya muhogo na ndizi yaliyotupwa nyuma ya jiko ni karamu.

Magunia ndani ya nyumba. Yasilale chini na yasiegemee ukuta. Tengenezeni uchaga wa miti, na kati ya uchaga na ukuta iachwe nafasi ambayo mtu anaweza kupita na ufagio. Panya hapendi mahali penye nafasi. Anapenda kupita akigusa ukuta.

Njia. Chukua kalamu ya kuandikia. Tundu ambalo kalamu inapita, panya mdogo anapita. Tundu ambalo kidole gumba kinapita, panya mkubwa anaweza kupita. Zungukeni nyumba mchana, ndani na nje, mkitafuta matundu kama hayo: chini ya mlango, mahali ukuta unapokutana na paa, pembe za dirisha, mahali turubai limeinuka. Zibeni kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa au changarawe. Udongo mtupu anachimba tena. Chini ya mlango pigilieni kipande cha bati. Makopo ya mafuta ya kupikia yaliyokwisha, yakikatwa na kunyoshwa, yanafaa sana kwa kazi hii. Panya anatafuna mti, plastiki na udongo, lakini bati linamshinda.

Kihenge cha nje. Kisimame juu ya miguu yenye urefu wa mita moja au zaidi, kwa sababu panya anaruka juu karibu kiasi hicho. Kila mguu uvikwe bati la mviringo kama kofia au mwavuli, lililo pana, lisiloacha nafasi kati yake na mguu, ili panya akipanda ashindwe kupita. Kihenge kisikaribiane na mti, ukuta wala kamba ya nguo. Ngazi ikishatumika iondolewe. Kofia zote nne hazina kazi kama ngazi imeegemezwa hapo usiku kucha.

Kuzunguka nyumba. Majani yakatwe, kuni zipangwe juu ya mawe au miti, si chini. Mawe, nguo kuukuu na mabati yaliyorundikwa nyuma ya nyumba ni vyumba vya kulala vya panya. Mwenye shamba la mahindi linalogusa ukuta wa nyumba aache kipande cha uwanja uliofagiliwa katikati. Panya anaogopa kuvuka mahali peupe.

Kusafisha mavi ya panya. Msifagie yakiwa makavu, kwa sababu vumbi lake linaingia puani. Nyunyizeni maji ya sabuni au klorini, mngoje dakika kumi, kisha mzoe kwa kitambaa au majani, mfukie na kunawa mikono.

5. KAZI YA PILI: MITEGO

Mkiisha kufunga chakula, panya atakuwa na njaa, na mtego utakuwa na nguvu. Mtego katika nyumba yenye unga wazi ni kazi bure. Kwa nini afuate kipande cha dagaa wakati ana gunia zima?

Mtego wa kubana uwekwe kando ya ukuta, upande wenye chakula ukielekea ukutani. Chambo kizuri ni karanga iliyotwangwa, dagaa mkavu au kipande cha ndizi, kidogo tu. Panya mkubwa anaogopa kitu kipya. Kwa hiyo wekeni mtego wenye chambo bila kuutega kwa usiku mbili au tatu mpaka azoee kula hapo, kisha mtege. Mitego mitatu au minne kwa usiku mmoja inashinda mtego mmoja kwa mwezi. Wakati wa mchana mitego iondolewe mahali watoto wanapocheza.

Asiye na fedha ya mtego atumie ndoo. Weka maji yasiyofika nusu ya ndoo, pitisha waya katikati ya kopo au chupa ya plastiki, laza waya juu ya mdomo wa ndoo ili kopo lizunguke, na paka karanga katikati ya kopo. Egemeza kijiti cha kupandia. Panya anakanyaga kopo, linazunguka, anaanguka. Onyo moja: ndoo yenye maji isiachwe penye mtoto mdogo. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kufa katika maji kidogo. Iwekwe usiku kwenye ghala iliyofungwa, na asubuhi imwagwe.

Paka ni rafiki. Anakamata panya wadogo, na harufu yake inawatia wengine hofu. Lakini paka hawezi kumaliza panya wa nyumba inayowalisha. Ni msaidizi wa mwenye kufunga, si badala yake.

Panya aliyekufa mtegoni asishikwe kwa mikono mitupu. Valeni mfuko wa plastiki mkononi, mfukieni chini, kisha mnawe.

6. SUMU: JAMBO LA KUOGOPA

Someni sasa Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliagiza kwamba mtu ajengapo nyumba aweke ukuta mdogo pembezoni mwa dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: hakuna aliyekusudia kuua. Hata hivyo mwenye nyumba anahesabiwa, kwa kuwa hatari aliijua na hakuizuia. Basi neno hili tulipeleke katika jambo la sumu ya panya.

Katika masoko yetu sumu inauzwa katika vichupa na vikaratasi visivyo na jina, imepimwa kwa kijiko kutoka kopo kubwa. Muuzaji anasema: “Hii ni kali, panya hafiki mlangoni.” Sumu inayoua panya kabla hajafika mlangoni itamuua na mtoto kabla hajafika kituo cha afya. Nyingi kati ya hizo ni dawa kali za wadudu wa mashamba ambazo hazikutengenezwa kuwekwa ndani ya nyumba. Nyingine ni unga wa kijivu unaonuka kama kitunguu saumu, ambao ukifika tumboni unatoa hewa yenye sumu, na madaktari hawana dawa maalum ya kuuondoa nguvu.

Kuna sumu ya namna nyingine, inayozuia damu isigande, na hiyo inauzwa ikiwa imefungwa vizuri na kuandikwa jina. Inamuua panya polepole baada ya siku kadhaa, na mtu aliyeimeza anaweza kutibiwa kwa vitamini K akiwahiwa. Hata hiyo si ya kuchezea. Mara nyingi inatengenezwa kwa rangi nzuri, nyekundu au bluu, na mtoto anaiona kama pipi.

Kwa hiyo tunawasihi, wapendwa:

- Sumu isiyo na jina isinunuliwe kabisa, hata kama ni rahisi.
- Sumu isichanganywe na ugali, samaki wala mkate na kuachwa sakafuni. Mtoto mwenye njaa hajui tofauti.
- Sumu isitiwe katika chupa ya soda au kopo la chakula, na kijiko kilichoipima kisirudi jikoni.
- Kama ni lazima sumu itumike kwenye ghala kubwa, itumiwe na mtu aliyefundishwa, ndani ya sanduku lililofungwa ambalo panya tu anaweza kuingia.
- Panya, kuku au mnyama yeyote aliyekufa kwa sumu asiliwe. Tunajua wako kati yetu wanaokula panya buku, ndezi na panya wa shamba. Jambo la vyakula tunaliacha kwa dhamiri ya kila mmoja, kama Paulo alivyofundisha katika Warumi 14. Lakini mnyama ambaye hukumwinda mwenyewe, usimle.

Tena kuna neno la kusema kwa upole. Tumepita katika mambo mazito, na katika nyumba zetu wako walioelemewa na huzuni. Nyumba isiyo na sumu inamlinda ndugu kama huyo katika saa yake mbaya. Ukiona mwenzako amekata tamaa, usimwache peke yake. Kaa naye, mwite mchungaji na mhudumu wa afya wa kijiji, na kila sumu iliyopo iondolewe.

Mtu akimeza sumu: msimtapishe. Msimpe maziwa, mafuta wala majivu. Mvueni nguo zilizoguswa na sumu na mwosheni ngozi, mkijikinga mikono. Mpelekeni mara moja kituo cha afya, na mchukue kichupa au karatasi ya sumu ili mganga aione. Mtoto aliyemeza akiendelea kucheza, msiseme amepona. Sumu nyingine inaanza kazi baada ya dakika chache, kwa mate mengi, jasho na kupumua kwa shida. Nyingine inangoja siku kadhaa, kisha damu inatoka puani na katika fizi. Msingojee dalili.

7. PANYA WAKIFA WENYEWE

Hili ndilo neno la kukumbuka kuliko yote kwa sisi tuliotoka Ituri. Kama mnaona panya wanakufa ovyo, wawili, watatu, watano, ndani ya nyumba au njiani, na hakuna aliyewawekea sumu, msifurahi kwamba Mungu amewaondoa. Huenda ni tauni imeanza kwa panya. Panya akifa, mwili unapoa, na viroboto wanatoka kutafuta damu yenye joto. Damu iliyo karibu ni yenu.

Fanyeni hivi: msiwaguse wala kuwafagia. Watoeni watoto mahali pale. Mjulisheni mhudumu wa afya wa kijiji na mwenyekiti siku hiyohiyo. Mtu mwenye homa katika nyumba hiyo aende kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Na katika wakati huo msitege wala kuua panya kwa haraka yenu wenyewe. Wenye kazi wanaua viroboto kwanza kwa dawa, ndipo panya wanafuata. Tukiua panya kwanza, tunawafungulia viroboto mlango. Chakula na matundu endeleeni kufunga.

Usiku msilale chini kama kuna namna. Kitanda cha miti, hata kifupi, ni bora kuliko mkeka juu ya sakafu ya udongo penye viroboto.

8. PANYA NA JIRANI

Kuna wanaosema panya wengi wametumwa, kwamba jirani ana neno. Wapendwa, tukatae maneno hayo. Tumeona katika nchi yetu mahali ambapo kusingizia watu kunafika. Mjane aliye peke yake au mzee asiye na mtoto ndiye anayenyooshewa kidole mara nyingi. Panya anafuata unga uliomwagika. Hahitaji kutumwa na mtu.

Jambo la kweli juu ya jirani ni hili: panya hajui mpaka wa kiwanja. Nyumba moja ikifunga na nyumba tano zikaacha wazi, ile moja itapata nafuu kidogo, lakini panya watazidi kuja. Mtaa mzima ukisafisha wiki moja, ukaziba matundu wiki hiyo, na kutega usiku uleule, panya hawana pa kukimbilia. Hema na Lendu, Alur na Mnyarwanda, wenyeji na sisi wageni, hatuna dini moja wala lugha moja ya nyumbani, lakini panya wetu ni wamoja. Hii ni kazi ambayo kanisa linaweza kuianzisha bila fedha ya mradi wowote. Waanze na nyumba za wasiojiweza: mzee asiyeweza kupanda kuziba paa, mama aliyejifungua juzi, mlemavu. Vijana wa kwaya wana mikono.

KAZI YA MWEZI HUU

Wiki ya kwanza: kila familia izunguke nyumba na kalamu, ihesabu matundu na kuyaziba.
Wiki ya pili: takataka, kuni na majani kuzunguka nyumba na choo, chakula kiingie katika vyombo vyenye vifuniko.
Wiki ya tatu: vijana wakusanye makopo ya mafuta yaliyokwisha, wakate kofia za miguu ya vihenge, wakianza na wajane.
Wiki ya nne: mtaa mzima utege mitego usiku mmoja, na asubuhi wafukie pamoja. Panya wakionekana kufa ovyo, kazi hii isimame mpaka wenye afya waje.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba yenu, panya anapata wapi chakula chake cha jioni? Semeni mahali hasa.
2. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye nyumba ana hatia gani ikiwa hakukusudia mabaya? Taja hatari tatu za leo zinazofanana na dari isiyo na ukuta.
3. Utamjibu nini mtu anayesema panya wametumwa na jirani?
4. Nani katika mtaa wetu hawezi kuziba nyumba yake mwenyewe? Nani atamwendea, na siku gani?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyetuvusha ziwa na kutupa mahali pa kulala, tubarikie kidogo tulicho nacho kisiliwe bure. Utupe bidii ya kufunga tulipoacha wazi, hekima ya kuwalinda watoto wetu, na upendo wa kumsaidia jirani badala ya kumshitaki. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.